Mgunga ni Mti Gani? Utambuzi na Majina ya Migunga ya Isiolo

1. Utangulizi

Neno mgunga hufafanuliwa kwa kawaida kuwa ni mti wa miiba umeao nyikani. Maelezo hayo humtosha msomaji wa hadithi. Hayamtoshi mtu aliyesimama kando ya mto Ewaso Nyiro, huko Isiolo, akiwa na miti minne mbele yake ambayo yote huweza kuitwa mgunga. Makala haya yanakusudia kueleza alama zitumiwazo kuitambua miti hiyo hadi ngazi iliyo chini ya spishi, na kuonyesha kwamba uchache wa istilahi zetu una madhara nje ya kamusi. Hapa jenasi ni kundi la spishi zenye nasaba moja, nususpishi ni tawi la spishi, na aina ni ngazi iliyo chini zaidi.

2. Jina la kitaalamu

Jina Acacia lilianza kutumiwa kwa jenasi na Philip Miller mwaka 1754, nalo huhusishwa na neno la Kiyunani lenye maana ya ncha kali. Mkutano wa kimataifa wa botania uliofanyika Vienna mwaka 2005 uliamua kwamba jina hilo libaki na mimea ya Australia, ambayo mingi haina miiba. Uamuzi huo ukathibitishwa Melbourne mwaka 2011. Migunga ya Afrika ikagawanywa, iliyo mingi ikaingizwa katika jenasi mbili, Vachellia na Senegalia. Hivyo mti uitwao Acacia tortilis katika vitabu vya zamani sasa ni Vachellia tortilis, na Acacia senegal ni Senegalia senegal.

3. Alama za utambuzi

Alama ya kwanza ni mwiba. Vachellia ina miiba iliyokaa miwili miwili penye kifundo cha jani, nayo mara nyingi ni mirefu na iliyonyoka. Miiba ya Senegalia ni mifupi na iliyopinda kama kulabu. Lakini mwiba peke yake hautoshi, kwa kuwa Vachellia tortilis huchanganya miiba mirefu myeupe na mifupi iliyopinda katika tawi moja. Ndipo tunapotazama ua: maua ya Vachellia kwa kawaida hukusanyika katika kichwa cha mviringo, na ya Senegalia katika suke.

Katika Senegalia, idadi ya miiba ni mwongozo mzuri. Senegalia mellifera ina kulabu mbili mbili. Senegalia senegal huwa na tatu tatu, ile ya kati ikielekea chini na za pembeni zikielekea juu. Hata hivyo, Kiswahili huiita yote miwili kikwata.

Katika ngazi ya nususpishi, hukumu hutolewa na tunda. J. P. M. Brenan, aliyeandika juu ya jamii hii katika kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki cha mwaka 1959, aliitenganisha Acacia tortilis kwa kutazama ganda lake lililojisokota. Ganda la nususpishi spirocarpa, iliyoenea Afrika Mashariki, lina vinyweleo pamoja na vitezi vidogo vyekundu. Ganda la raddiana, ambayo makao yake makuu ni pande za Sahara, halina vinyweleo hivyo. Kwa Senegalia senegal, aina iitwayo kerensis hutambulikana kwa umbo: ni kichaka kinachotoa matawi tangu karibu na ardhi, bila shina moja kuu.

4. Majina ya wenyeji

Lugha za Isiolo zimekwisha kutenganisha kile ambacho Kiswahili kimekiunganisha. Vachellia tortilis ni dhadacha kwa Waborana, ltepes kwa Wasamburu, ewoi kwa Waturkana na qurac kwa Wasomali. Senegalia mellifera ni bilcil kwa Kisomali na iti kwa Kisamburu, ilhali Senegalia senegal ni cadaad kwa Kisomali na ekunoit kwa Kiturkana.

Tofauti hizo ni za maisha. Gundi ya Arabu ikusanywayo kaskazini ya Kenya hutoka hasa katika aina kerensis. Ikichanganywa na utomvu wa miti mingine, thamani yake hupungua. Maganda ya dhadacha hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Vachellia reficiens, ambayo nususpishi yake ya huku ni misera, husonga malisho na hukatwa ili nyasi ziote. Nayo huchanganya miiba iliyonyoka na iliyopinda kama dhadacha. Kinachoitofautisha waziwazi ni ganda lake lililonyoka. Anayeamuru kwa Kiswahili kwamba migunga ikatwe ameamuru adui wa malisho na chakula cha mbuzi vikatwe pamoja.

5. Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, mgunga libaki kuwa jina la jumla, na kila spishi ipewe jina lake, likitoholewa katika lugha za wenyeji pale Kiswahili kinapopungukiwa. Pili, maelezo ya kamusi yataje mwiba, ua na ganda. Ama nususpishi, hizo tuziundie majina yanayofuata ganda, kama vile mgunga wa ganda tupu kwa raddiana. Istilahi ya namna hiyo itaweza kutumiwa darasani na malishoni vilevile.