Mama Mja Mzito Asinyimwe Kitoweo

Katika nyumba nyingi, kitoweo kikiiva, minofu hupewa baba, kisha watoto, na mama humalizia ugali wake kwa mchuzi. Akiwa mja mzito, pengine huambiwa pia asile mayai, eti mtoto atazaliwa bila nywele. Wazazi wapenzi, desturi hii yafaa tuiache, maana hasara yake yaweza kumfuata mtoto hata ukubwani.

Iko vitamini iitwayo B12, isaidiayo kutengeneza damu na kutunza mishipa ya fahamu. Haimo katika mahindi, mchicha wala maharage. Twaipata katika samaki, dagaa, nyama, maziwa na mayai.

Huko Bara Hindi, kuanzia mwaka 1993, Daktari Chittaranjan Yajnik na wenzake waliwapima akina mama waja wazito wa vijiji sita karibu na mji wa Pune. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepungukiwa na B12, kwa kuwa chakula chao kilikuwa hasa nafaka na mboga. Watoto wao walipimwa walipofika umri wa miaka 6. Wale ambao mama zao walikuwa na B12 kidogo lakini foliki nyingi, yaani vitamini ya mboga za majani na maharage, ndio ambao miili yao iliitikia insulini kwa shida kuliko wengine.

Insulini ni kama ufunguo: huifungulia sukari mlango itoke katika damu na kuupa mwili nguvu. Mlango ukiwa mgumu, sukari hujaa katika damu, na baada ya miaka mingi kisukari chaweza kuingia.

Hatusemi kwamba kila mtoto wa namna hiyo ataugua. Wala mama asiache vidonge vya chuma na foliki apewavyo kliniki, kwani foliki humkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo. Ila vitamini hizi mbili hufanya kazi pamoja. Moja haishiki nafasi ya nyingine.

Basi, akina baba, neno hili ni lenu. Kuku akitaga, mayai yote yasiende sokoni. Dagaa wachache katika mboga, kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, yai lililoiva vema: hiyo si anasa. Hata katika Kwaresima, Kanisa halimdai mja mzito afunge. Je, sisi nyumbani tumfungishe mwaka mzima?