Stata Isiyozungusha Injini: Kupima Kabla ya Kununua

Likombe, katika mji wa Mtwara, upepo wa Bahari ya Hindi hupuliza pamoja na chumvi. Chumvi hiyo ikichanganyika na unyevu huharakisha kutu katika viungo vya nyaya za gari. Kwa hiyo gari la pwani likataapo kuwaka, si haki kuihukumu stata kabla ya kuipima njia ya umeme inayoilisha.

Stata ni mota ya umeme. Dereva azungushapo ufunguo, mkondo mdogo huamsha solenoidi, nayo hufanya kazi mbili: husukuma pinioni ikamatane na meno ya flaiwili, na huunganisha swichi nzito ipitishayo mkondo mkubwa wa betri. Katika gari dogo mkondo huo waweza kufika ampea 150. Kwa kanuni ya Ohm, volti zinazopotea ni mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Kiungo chenye kutu ya ukinzani wa omu 0.02 tu, kikipitisha ampea 150, hupoteza volti 3 kati ya 12. Taa, zitumiazo ampea chache, zaweza kung'aa vizuri kupitia kiungo hichohicho. Basi mwanga wa taa si ushahidi kwamba njia ni nzima.

Uchunguzi huanza kwa masikio. Pakiwa kimya kabisa, hushukiwa swichi ya ufunguo, fyuzi au waya mdogo wa solenoidi. Milio mingi ya haraka huonyesha betri dhaifu au kiungo kibovu. Stata ikizunguka peke yake bila injini, pinioni haikamati.

Kisha hufuata voltimita. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia, huonyesha takriban volti 12.6, stata inapofanya kazi isishuke chini ya volti 9.6. Ncha moja ya kipimo iwekwe kwenye nguzo hasi ya betri, ya pili kwenye chuma cha injini, na mtu mwingine azungushe ufunguo, gia ikiwa huru. Zikionekana zaidi ya volti 0.5, kosa limo upande huo. Kipimo kirudiwe baina ya nguzo chanya na skrubu kubwa ya stata.

Kiungo kibovu hufunguliwa, kikasuguliwa kwa msasa, kikakazwa na kupakwa grisi. Waya hasi utangulie kutolewa na uwe wa mwisho kurudishwa. Moto usikaribie betri, kwani hutoa haidrojeni ilipukayo. Wala fundi asiiunganishe solenoidi kwa bisibisi gari likiwa ndani ya gia: gari laweza kuondoka na kumkanyaga.

Betri na njia zote mbili zikiwa nzima, ndipo stata ifunguliwe. Hata hapo, mara nyingi kilicholika ni kaboni zake tu, nazo hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko ya stata mpya.