Kovu la shahidi linathibitisha nini? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwamba sheria yetu ya ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja anayeaminika anatosha kumtia mtu hatiani, hata kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Leo tumtazame shahidi anayesikilizwa kwa uzito wa pekee: yule aliyekatwa panga usiku uleule marehemu alipouawa, akapona.

Akipanda kizimbani huombwa aoneshe kovu. Hukunja mkono wa shati, ukumbi wote ukanyamaza, na PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari hueleza jeraha, ikapokelewa kuwa kielelezo. Ni vigumu kwa binadamu yeyote aliyemo humo kutoamini kila neno litakalofuata, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Fundisho la kumpa majeruhi heshima hiyo limejengwa kwa kina nchini India, ambako Sheria ya Ushahidi ya 1872 ilitungwa. Sheria hiyo ilitumika hata Tanganyika hadi tulipotunga ya kwetu mwaka 1967. Katika shauri la Abdul Sayeed dhidi ya Jimbo la Madhya Pradesh, mwaka 2010, Mahakama ya Juu ya India ilitoa sababu mbili. Kwanza, jeraha ni uthibitisho kwamba shahidi alikuwapo. Pili, aliyeumizwa hawezi kumwachia mbaya wake halisi aende zake, halafu amsingizie asiyehusika.

Sababu ya kwanza naikubali bila kusita. Ya pili inajibu swali la uongo tu, na uongo si adui pekee wa haki. Mtu anaweza kusema kwa moyo mweupe kabisa, akala kiapo na kulia mbele ya jaji, na bado akawa amemnyooshea kidole asiye na hatia. PF3 nayo inaeleza jeraha na aina ya kitu kilicholisababisha. Mkono ulioshika panga haumo katika fomu ile.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililiona jambo hili mapema. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, ilisema utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu mno, usiotegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Ndiyo maana wakili hodari wa utetezi haligusi kovu. Anauliza habari za taa. Ilikuwa koroboi au ya sola? Ilitundikwa wapi? Mwanga wake ulifika mlangoni? Ulisimama naye umbali gani, kwa muda gani, na ulikuwa unamfahamu kabla? Kusema tu kwamba kulikuwa na mwanga hakutoshi. Hata anayesema “namfahamu, ni jirani yangu” hupimwa, kwa kuwa watu hukosea hata sura za ndugu zao.

Sayansi inaongeza uzito. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo kuhusu wanajeshi zaidi ya 500 waliokuwa katika mafunzo ya kuvumilia utekwaji. Walihojiwa ana kwa ana kwa zaidi ya nusu saa, kwenye mwanga wa kutosha. Siku iliyofuata, wengi wa waliohojiwa kwa vitisho vikali walishindwa kumtambua aliyewahoji, au wakamchagua mtu mwingine. Hao ni askari. Mkulima aliyekurupushwa usingizini, damu ikimtiririka usoni na macho yamenasa kwenye ncha ya panga, tumdai nini zaidi?

Lipo pia la kuongeza majina. Wavamizi walikuwa watatu, lakini kufikia wiki ya pili, ndugu wakiwa wamekizunguka kitanda cha hospitali na mgogoro wa mpaka wa shamba ukiwa haujaisha, wamekuwa sita. Kinga yake ni maelezo ya kwanza. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, Mahakama ya Rufani ilisema kumtaja mshukiwa mapema iwezekanavyo ni hakikisho muhimu la kuaminika kwa shahidi.

Kwa hiyo nawasihi askari wapelelezi: mkifika kwa majeruhi anayeweza kuzungumza, mwandikeni hapohapo, kabla ndugu hawajamzunguka. Andikeni nani aliyemtaja, mavazi, mwanga na umbali. Kama hakumjua mtu, andikeni hivyo hivyo. Wiki ijayo tutaangalia maelezo ya anayekaribia kufa.