Picha Mbili Zikiwa Moja: Raha ya Kamera ya Mkanda Mkiwa Wawili

Hebu shika simu yako sasa hivi uhesabu picha zilizomo. Elfu tatu? Elfu nane? Sasa jiulize, ni ngapi kati ya hizo umewahi kuzichapa ukaziweka mahali ambapo mwanao atakuja kuzikuta? Kwa wengi wetu jibu ni sifuri, na hapo ndipo mada yetu ya mwezi huu inapoanzia.

Rafiki zangu wawili, wanandoa wa Nyegezi, waliibiwa simu ndani ya daladala. Humo ndimo ilimokuwa miaka miwili ya kwanza ya mtoto wao: jino la kwanza, hatua ya kwanza, na bibi akimpakata mjukuu kabla hajafariki. Simu walinunua nyingine. Picha za bibi hazikununulika. Cha kushangaza, kule Ukerewe nyumbani kwa wazazi wa mume, albamu ya harusi ya mwaka 1974 bado ipo. Kingo zake zimeguguniwa na mende, lakini bwana harusi anaonekana vizuri kabisa na bugaluu lake!

Sisemi utupe simu, mpenzi msomaji. Nasema kuna kamera ya zamani ambayo wewe na mwenzako mkiishika, itawafanya mtazamane tena.

KAMERA GANI HIYO?

Inaitwa renjifainda, yaani kamera yenye kipima-umbali. Kwa nje ni ndogo tu, inaingia kwenye pochi. Juu ya lenzi kuna kidirisha cha kuchungulia, na katikati ya kidirisha kuna kiraka kidogo chenye mwanga. Ndani ya kiraka hicho unamwona mtu wako mara mbili, mmoja halisi na mwingine kama kivuli pembeni yake. Unazungusha pete ya lenzi taratibu, kivuli kinasogea, kinasogea, mpaka wale wawili wanakuwa mmoja. Hapo ndipo umbali umekaa sawa, na unabonyeza.

Utamu wake uko wapi? Kwanza, haina kioo cha kuruka ndani kama kamera kubwa za wapiga picha wa harusi. Kwenye zile, kioo kikiruka unapobonyeza, kidirisha kinakuwa giza kwa nukta ile ile picha inapopigwa. Kwenye renjifainda huachi kumwona mwenzako hata kidogo, ukimkuta amefumba macho unajua hapo hapo. Pili, ina sauti ya chini sana, kwa hiyo mtu hakakamai. Tatu, kidirisha kinaonyesha hata kilicho nje ya fremu, hivyo unamwona muuza karanga anakuja kabla hajaingia kwenye picha yako.

Ina vijimambo vyake pia. Kwa kuwa huchungulii kupitia lenzi, unaweza kumaliza mkanda mzima kifuniko kikiwa bado kwenye lenzi na usijue. Tena nyingi haziwezi kulenga kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 70 hadi mita moja. Picha za pua kwa pua sahau!

HISTORIA KIDOGO

Leica M3 ya mwaka 1954 ndiyo iliyozipa heshima kubwa kamera hizi, ila bei ya Leica mpaka leo si ya mchezo. Wajapani wakaja na za watu wa kawaida, kama Canonet na Yashica Electro 35 ya mwaka 1966. Warusi nao walikuwa na FED na Zorki, nzito kama nyundo, nyingi hazihitaji betri kabisa. Kampuni ya Kodak ilipoomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2012, wengi walidhani mkanda umekufa. Wapi! Mikanda bado inatengenezwa, na mwaka 2022 Leica waliirudisha sokoni M6, kamera ya miaka ya 80.

Kwetu nako kuna ushahidi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Zanzibar mwaka 1930. Sultani aliondoka, Mapinduzi ya 1964 yakapita, na picha za studio ile zikabaki kumwonyesha mgeni jinsi watu walivyovaa na kusimama enzi hizo.

MWANGA WA ZIWA

Mwanza ni jiji la kupigia picha jamani. Tuna miamba, tuna maji, na jua linazamia upande wa ziwa. Mchana kuanzia saa nne mpaka saa tisa mwanga unakata kama wembe, na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Subiri saa kumi na moja jioni. Nenda Capri Point au pale Jiwe la Bismarck, jua linapozama karibu na saa moja kasoro miamba yote inakuwa rangi ya asali. Asubuhi nenda Mwaloni, Kirumba, kwenye dagaa na kelele za wachuuzi, lakini omba ruhusa kwanza, watu wako kazini. Ukitaka sura za mafundi na wauzaji, pita Makoroboi, eneo lililopewa jina la zile taa ndogo za mafuta.

Jua likiwa kali na mkanda wako ni wa 200, weka tundu la lenzi kwenye 16 na kasi kwenye 1/250. Mwenzako akiingia kivulini, fungua tundu hatua tatu hivi. Na hili tulizingatie sisi wenye ngozi nyeusi: kwa miaka mingi maabara za Kodak zilipima rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley, na sura zetu zikawa zinatoka kama masizi. Mikanda ya sasa ni bora zaidi, lakini bado pimia mwanga usoni kwa mtu wako. Ukipimia shati lake jeupe, uso utapotea.

MKANDA MMOJA, WATU WAWILI

Sasa tufike kwenye penyewe. Mkanda wa kawaida una picha 36. Mimi na mume wangu tuligawana, 18 zake na 18 zangu, Jumamosi nne mfululizo. Sheria ilikuwa moja, kila mtu ampige mwenzake tu, na hakuna kupanga pozi.

Picha ziliporudi tukazitandaza mezani baada ya chakula. Zangu zilikuwa za kawaida: anacheka, anakula sato, anabishana na fundi wa gari. Kati ya zake 18, saba nilikuwa nimegeuka mgongo. Natoka mlangoni, nashuka mlima Bugando, naingia kwenye daladala.

"Mbona unanipiga mgongo tu?" nikamuuliza.

"Mke wangu, siku hizi ndivyo ninavyokuona zaidi," akasema. "Unaondoka."

Alisema kama utani, lakini hakuna aliyecheka. Tulikaa pale mezani mpaka saa sita usiku tukizungumza kuhusu kazi yangu, safari zake, na mtoto wa pili ambaye kila mmoja alikuwa anamtaka na kuogopa kusema. Picha ya simu angeifuta siku ile ile kwa kuwa "haijatoka vizuri". Hizi zilikaa gizani mwezi mzima, zikatoka zote pamoja, na zikasema.

KABLA HAMJAANZA

• Ulizeni kwanza wapi watawasafishia mkanda. Studio nyingi ziliacha kazi hiyo zilipohamia dijitali, huenda mkalazimika kuutuma mbali.

• Kamera ya mtumba ifungueni kabla ya kulipa. Sikilizeni shata katika kila kasi, na angalieni lenzi kama haina ukungu.

• Yashica Electro ilitumia betri ya zebaki ambayo haitengenezwi tena. Mtahitaji betri mbadala na kishikizo chake.

• Msiache mkanda ndani ya gari juani, joto linaharibu rangi. Uwanja wa ndege ombeni ukaguliwe kwa mkono.

• Negativu zihifadhini pakavu, mbali na jiko.

• Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli majina, mahali na tarehe. Mjukuu wenu atakapouliza "huyu nani?", huenda hamtakuwepo kumjibu.

Jumamosi ijayo basi, mkanda mmoja, 18 kwa 18. Atakayeanza na kamera amuache mwenzake achague njia.