Malale: Ugonjwa, Jina na Historia Yake

Wanafunzi wengi huichukulia historia ya tiba kuwa orodha ya wagunduzi na tarehe zao. Katika makala hii tunaeleza kwa nini orodha hiyo haitoshi. Mfano wetu ni malale nchini Uganda.

Mwaka 1901 ndugu wawili madaktari wa Hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, waliwatambua wagonjwa wa malale waliofika kutibiwa. Wakati huo ugonjwa ulikuwa ukienea Busoga na Buganda, kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa Kiganda uliitwa mongoota, yaani kusinzia. Neno la Kiswahili, malale, nalo lina uhusiano na kitenzi lala. Waliotoa majina hayo hawakuwa na hadubini, lakini dalili walikuwa wamekwisha kuziona.

Mwaka 1902 Royal Society ya Uingereza ilituma watafiti Entebbe. Mmoja wao, Aldo Castellani, aliona vimelea viitwavyo tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 akaja David Bruce, ambaye alikuwa amekwisha kuonyesha huko Zululand kwamba nagana ya ng'ombe huenezwa na mbung'o. Je, malale nayo ilienezwa hivyo? Kwa msaada wa Katikiro Apolo Kagwa, machifu na watu wao walikusanya nzi kutoka sehemu mbalimbali na kuwapeleka kwa watafiti. Ilipolinganishwa ramani ya mbung'o na ile ya ugonjwa, zilifanana. Vitabu humtaja Bruce. Waliokamata nzi hao hawatajwi.

Ujuzi huo ulizaa amri. Kuanzia mwaka 1906, Gavana Hesketh Bell aliwahamisha wakazi wa kando ya ziwa, na mwaka 1909 wakafuata wale wa visiwa vya Ssese. Kisayansi, hatua hiyo ilikuwa na mantiki: mbung'o asiyempata mgonjwa wa kumfyonza hawezi kumwambukiza mtu mwingine. Kijamii, wavuvi waliondolewa kwenye maji yaliyowalisha, na familia zikaacha migomba na makaburi ya wazee wao. Dawa nayo ilikuwa na madhara. Atoksili, ambayo Robert Koch aliijaribu Ssese mwaka 1906 na 1907, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa.

Inakadiriwa kuwa watu wapatao 250,000 walifariki kati ya mwaka 1900 na 1920. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ya gambiense si tatizo tena la afya ya jamii nchini Uganda.

Sisi walimu wa lugha tunajifunza nini hapa? Tunapoandaa istilahi za tiba, tusikimbilie kubuni maneno kabla ya kuwauliza wazee jina walilolitumia na sababu yake. Mara nyingi jina hilo ni kumbukumbu ya uchunguzi wa kwanza.