Suruali ya kupandia Milima ya Ngong

Kuwinda kanga na kwale kwa burudani hakuruhusiwi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imekataza. Hata hivyo, wapo wakazi wa Embulbul wanaopanda Milima ya Ngong kutazama ndege hao hao, na wengine huchunga mifugo vichakani. Wote hukutana na miiba ya migunga.

Ukienda soko la mitumba, tafuta kaki nzito ya pamba iliyoshonwa vitambaa viwili magotini. Jinzi ni imara, ila ikilowa umande hukauka polepole, na kule juu upepo ni mkali. Trakisuti nyepesi huchanwa na miiba upesi. Usilipe kabla ya kuijaribu: chuchumaa, inua goti. Ikibana mapajani, mshono utaachia ukiruka mtaro. Muuzaji akicheka, acheke.

Rangi hafifu, kama ya udongo mkavu, hukusaidia kuona kupe mapema. Chomeka miguu ya suruali ndani ya soksi.

Suruali zenye madoa ya kijeshi ziache pale pale, hata zikiwa za bei rahisi. Raia anayevaa sare za jeshi bila idhini anaweza kukamatwa na kushtakiwa.