Mwanga Bora: Taa ya Evans Wadongo na Wapinzani Wake

Evans Wadongo alizaliwa mwaka 1986 katika eneo la Kakamega, magharibi mwa Kenya, mtoto wa walimu. Nyumbani masomo yalisisitizwa sana, ila taa ilikuwa moja, ya mafuta, naye aliitumia pamoja na kaka zake. Ilimbidi ausogeze uso karibu na moto ili aone maandishi, na moshi ukamharibia macho.

Taa kama hiyo inajulikana sana Kenya kwa jina la koroboi: kopo lililotobolewa kifuniko, utambi wa pamba, basi. Haina kioo cha kuzuia moshi. Mtoto aliyesomea koroboi usiku huamka na masizi puani, na kopo likipinduka nyumba huweza kuteketea.

Mwaka 2004 Wadongo alikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Siku moja, akijaribujaribu vitaa vya LED vya aina inayopamba miti ya Krismasi, aling'amua kwamba vingeweza kuangaza nyumba. Baadaye akaona kipande cha paneli ya sola kilichotupwa, na hapo akapata chanzo cha umeme. Taa aliyoiunda akaiita MwangaBora. Mwili wake ulitengenezwa kwa vyuma chakavu, kazi ambayo fundi wa jua kali huimudu bila mashine kubwa. Mchana paneli huchaji betri. Usiku LED hutumia umeme kidogo tu.

LED nyeupe yenyewe ilizaliwa katika ushindani mkali. Nyekundu ilitengenezwa na Nick Holonyak, Marekani, mwaka 1962, lakini mwanga mweupe ulihitaji bluu, na bluu iliwashinda watafiti kwa takriban miaka 30. Hatimaye ilipatikana Japani kwa juhudi za Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, na kwa upande mwingine Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia. Kwa uvumbuzi huo Nakamura alizawadiwa yen 20,000 tu na mwajiri wake. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2004, mwaka uleule wa MwangaBora, mahakama ya Tokyo ikaamuru alipwe yen bilioni 20. Rufaa ilimalizwa mwaka uliofuata kwa maafikiano ya takriban yen milioni 840. Akasaki, Amano na Nakamura walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Mpinzani wa Wadongo alikuwa koroboi, na nguvu ya koroboi ni bei. Mafuta ya taa hununuliwa dukani kidogokidogo, kwa shilingi zilizopo mfukoni siku hiyo. Taa ya sola hudai fedha nyingi kwa mpigo. Hapo ndipo ubunifu mkubwa zaidi wa Wadongo ulipoonekana. Taa zilipelekwa kwa vikundi vya wanawake, na fedha zilizokuwa zikienda kwenye mafuta zikawekwa akiba ya kuanzisha miradi midogo, ukiwemo ufugaji. Kufikia mwaka 2010 taa zipatazo 10,000 zilikuwa zimesambazwa, na kituo cha televisheni cha CNN kikamteua miongoni mwa mashujaa wake kumi wa mwaka. Mwaka 2011 alituzwa jijini London katika tuzo za Mikhail Gorbachev, pamoja na Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, na Ted Turner, mwanzilishi wa CNN.

Wapinzani wengine walikuja baadaye. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa malipo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ikiiga, kwa kweli, namna ileile ambayo duka la kijijini huuza mafuta. Mwaka 2015 serikali ilishusha ada ya kuunganishiwa umeme wa gridi kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Mwaka 2018 mafuta ya taa yakaongezewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, na koroboi ikapoteza sehemu ya unafuu wake. Wadongo mwenyewe alianzisha kampuni ya GreenWize Energy, inayoshughulika na miradi mikubwa zaidi ya sola. Hata hivyo, kuunganishwa na gridi si kuwa na umeme kila usiku: tokeni za umeme zikiisha na fedha hazipo, familia hurudi kwenye taa ya sola, na isiyo nayo hurudi kwenye koroboi.